Kidole Kinapocheza Chenyewe: Kinachosababisha, na Lini Kuna Haja ya Kuogopa

Kidole kikianza kucheza chenyewe na kikaendelea kwa siku kadhaa, mwenye kidole hakosi washauri. Nyumbani ataambiwa kuna mgeni njiani au fedha inakuja, kama wanavyoambiwa wenye kope zinazocheza na viganja vinavyowasha. Kwenye duka la dawa atauziwa vidonge vya vitamini B kwa maelezo kwamba mishipa yake imechoka. Kazini hatakosa wa kumwambia kwamba hiyo ni dalili ya kiharusi, akapime presha haraka. Usiku, akiwa kitandani na simu yake, atatafuta mwenyewe mtandaoni, na kabla hajafika mbali atakutana na ugonjwa unaoitwa ALS, unaoua seli za neva zinazoendesha misuli mpaka mgonjwa ashindwe kumeza na kupumua. Hapo usingizi unapaa, na kwa kuwa kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayochochea misuli kucheza, asubuhi hali inakuwa mbaya zaidi.

Hofu hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa pasipostahili. Mwenye wasiwasi huhesabu kidole kimecheza mara ngapi tangu asubuhi, wakati daktari wa magonjwa ya neva akimwona mtu huyo huyo hutafuta jambo jingine kabisa: je, mkono huu umeshindwa kufanya kazi ambayo miezi michache iliyopita ulikuwa ukiifanya bila shida? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha visa vingi visivyo na madhara na vile vichache vinavyohitaji kufuatiliwa haraka, na karibu kila kitu kilichomo katika makala haya kinalizunguka.

Mambo manne yanayochanganywa

La kwanza ni kucheza kwa msuli, ambako nyuzi chache za msuli hujikaza na kulegea ghafla bila kuagizwa, ngozi ikaonekana inaruka, na kidole kikasogea kidogo au kisisogee kabisa. Madaktari hukuita fasikulesheni. Hakuna mpangilio maalumu: msuli unaweza kucheza mara tano mfululizo, ukatulia nusu saa, ukarudi tena wakati mtu ameshasahau. Kutetemeka ni jambo la pili, na huko kidole au mkono mzima huenda huku na huku kwa mapigo yanayolingana. La tatu ni kukakamaa, pale msuli unapojikaza ukabaki hivyo hivyo, mara nyingi kwa maumivu. La nne ni kushtuka, yaani kiungo kizima kuruka mara moja, jambo ambalo wengi hulipata wanapoanza kusinzia. Mgonjwa anayesema kwamba vidole vyake vinacheza anaweza kuwa anamaanisha lolote kati ya hayo, na kwa kuwa kila moja lina visababishi vyake, kueleza vizuri kinachoonekana huokoa fedha nyingi za vipimo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vidole vyenyewe havina misuli ya kuviendesha. Misuli hiyo imo kiganjani na kwenye kigasha, na inavivuta vidole kwa kano ndefu. Kwa hiyo kidole cha shahada kinaporukaruka upande, anayecheza hasa ni msuli mdogo ulio kwenye nyama iliyo kati ya gumba na kidole hicho. Kidole ni chepesi, hivyo mkazo mdogo tu unatosha kukisogeza na kumtia mtu hofu; mkazo wa kiasi hicho hicho ukitokea kwenye paja, goti halisogei na pengine mwenyewe hatajua.

Agizo la kusogeza kidole hutoka kwenye ubongo, hushuka kwenye uti wa mgongo hadi eneo la shingo, na hapo hupokelewa na seli ya neva ambayo uzi wake hutambaa mkononi mpaka kwenye msuli. Seli moja hutawala kundi zima la nyuzi za msuli, kama laini moja ya umeme inavyohudumia nyumba kadhaa za mtaa mmoja. Seli ikifyatua mshtuko mdogo usioagizwa, nyuzi zote za kundi lake hujikaza pamoja, kama taa za nyumba hizo zinavyopepesa kwa pamoja huku mtaa wa pili hawana habari. Kupepesa hakumaanishi kwamba laini imekatika, kwa sababu laini iliyokatika haipepesi taa, inazizima. Msuli uliopoteza neva yake hukosa nguvu, kisha baada ya wiki au miezi hunyauka. Mara nyingi mshtuko huo mdogo huanzia mwishoni kabisa mwa uzi wa neva, karibu na msuli wenyewe, ambako utando wa neva husisimka kwa urahisi, na vitu vya kuusisimua katika maisha ya kawaida si vichache.

Mambo ya kila siku

Kucheza kwa msuli ni jambo la watu wengi wenye afya njema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1963 ulionyesha kwamba takriban 70 kati ya kila watu 100 wenye afya walikuwa wamewahi kulipata. Kisababishi cha kwanza ni uchovu wa msuli wenyewe. Fundi cherehani anayeshika mkasi kutwa, msusi anayesuka kichwa kimoja kwa saa sita, mwanafunzi anayeandika mitihani mfululizo na kijana anayecheza gemu kwa gumba mpaka usiku wa manane wote wanautumikisha msuli ule ule mdogo unaobana vitu kati ya gumba na shahada. Kwa kawaida haumsumbui mtu wakati wa kazi, bali baadaye, mkono ukiwa umepumzika mapajani.

Kisababishi cha pili ni vichangamsho. Kopo la kawaida la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na takriban miligramu 80 za kafeini, na mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuiondoa nusu yake. Mwendesha bodaboda anayekunywa makopo manne kati ya jioni na alfajiri ili asisinzie barabarani huamka mchana akiwa bado ana sehemu ya kafeini hiyo mwilini, juu ya usingizi uliopungua. Kidole chake kisipocheza ndiyo ajabu. Mirungi, au miraa kama inavyoitwa Kenya, ina kichangamsho cha aina yake chenye athari zinazoelekea huko huko. Pombe nayo huchangia, hasa siku inayofuata au pale mnywaji wa kila siku anapoacha ghafla, na huyu wa mwisho asichukulie kutetemeka kwake kwa wepesi, kwa sababu kuacha ghafla baada ya unywaji mzito wa muda mrefu kunaweza kuleta degedege.

Wasiwasi ni kisababishi kinachojilisha chenyewe. Mtu mwenye hofu huwa na adrenalini nyingi kwenye damu, na adrenalini huongeza mtetemo mdogo wa vidole ambao kila binadamu anao. Zaidi ya hapo, wengi wakiogopa hupumua haraka bila kujijua. Kupumua huko hutoa hewa ya kaboni nyingi kuliko kawaida, damu hupungua asidi, na kalisi iliyo huru ndani ya damu hushuka kwa muda, jambo linalofanya neva ziwe nyepesi kufyatuka. Vidole na midomo huanza kuchomachoma, na hali ikizidi vidole hukakamaa vikiwa vimenyooka na kukusanyika pamoja, kifundo kikiwa kimekunjwa, na gumba limevutwa kuelekea kiganjani. Anayeshuhudia hali hiyo kwa mara ya kwanza huamini amepooza au ameingiwa na pepo, kumbe akitulizwa apumue polepole, mkono hufunguka wenyewe baada ya dakika kadhaa.

Madini na dawa

Upungufu wa madini unatajwa sana mitaani, na si uongo mtupu: kalisi, magnesi na potasi zikishuka mno, misuli hucheza na kukakamaa. Lakini ni vizuri kujua ni nani hasa anayepungukiwa. Aliyeharisha au kutapika kwa siku kadhaa, anayetumia vidonge vya kukojosha kwa ajili ya presha au moyo, mnywaji wa pombe wa muda mrefu, mwenye ugonjwa wa figo, na aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, ambako vitezi vidogo vinavyodhibiti kalisi vinaweza kuguswa, hao wana sababu ya kupimwa damu. Yumo pia yule aliyezoea kununua omeprazole kwa ajili ya vidonda vya tumbo na kuimeza mwaka baada ya mwaka bila kurudi kwa daktari. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu zinaweza kushusha magnesi. Mtu mzima mwenye afya anayekula maharage, mchicha, karanga na dagaa mara kwa mara hana sababu kubwa ya kudhani kwamba kidole kimoja kinachocheza ni njaa ya madini.

Dawa nyingine hutetemesha vidole bila kugusa madini. Dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamol, hufanya hivyo kwa wengi ndani ya dakika chache, na hupita. Baadhi ya dawa za sonona, na dawa ya litiamu inayotumika kwa magonjwa ya akili, zinaweza pia. Dawa za kuzuia kutapika kama metoclopramide, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, huweza kuleta mikazo isiyo ya kawaida ya shingo, taya na mikono. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenclamide, vidole vikianza kutetemeka huku akitoka jasho na kusikia njaa kali, asikae kuwaza neva: apime sukari, na kama hana kipimo, ale au anywe kitu chenye sukari kwanza.

Hapa nina neno na wauzaji wa vidonge vya kuimarisha mishipa. Vitamini B ni muhimu, na wapo wanaozihitaji kwa ushauri wa daktari: mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazid hupewa B6 ili neva zake zisidhurike, na anayetumia metformin kwa miaka anaweza kupungukiwa B12. Lakini kumeza B6 ya kiwango kikubwa kwa miezi mingi bila kipimo wala sababu kunaweza kudhuru neva za hisia, mpaka mtu akaanza kupata ganzi miguuni na mikononi ambayo hakuwa nayo alipoingia dukani. Wapo pia wanaowauzia vijana mtandaoni dawa za kurekebisha mishipa iliyoharibiwa na kujichua, wakitaja vidole vinavyotetemeka kama ushahidi. Kujichua hakuharibu neva za mikono, na dawa hizo hazitibu kitu zaidi ya umaskini wa muuzaji.

Neva iliyobanwa

Ganzi ikiambatana na kidole kucheza, mawazo ya daktari huelekea kwenye neva iliyobanwa mahali fulani kati ya shingo na kiganja, na vidole vyenyewe humwonyesha ni wapi. Ganzi ya gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, inayomwamsha mtu usiku akaukung'uta mkono ili apate nafuu, huashiria neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Wajawazito huipata sana, vivyo hivyo wenye kisukari na wanaorudia kazi moja ya mikono mwaka mzima. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hutoka kwenye kiwiko, kwa mtu anayelala amekikunja au anayekiegemeza mezani kutwa. Maumivu yanayoanzia shingoni na kushuka mkononi anapogeuza kichwa yanaelekeza kwenye pingili za shingo. Hali hizi zikiachwa muda mrefu hunyausha msuli, na kwa hiyo kunyauka peke yake si hukumu ya ALS. Nyingi zina tiba, kuanzia bandeji ngumu ya kufunga kifundo usiku hadi upasuaji mdogo.

Ugonjwa ambao kila mtu anauogopa

ALS ilielezwa kwa ukamilifu na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1869. Wamarekani wengi wanaujua kwa jina la mchezaji wa besiboli Lou Gehrig, aliyelazimika kuacha mchezo mwaka 1939 na kufariki mwaka 1941, na duniani kote watu wanaukumbuka kupitia mwanafizikia Stephen Hawking, aliyegunduliwa nao mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na kuishi hadi mwaka 2018, muda mrefu kupita kiasi kwa ugonjwa ambao huwaua wengi ndani ya miaka michache. Ni ugonjwa adimu. Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako takwimu zake zinafuatiliwa kwa makini, hugundulika watu kama wawili kwa kila 100,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa na umri uliopita miaka 50.

Misuli hucheza kwenye ALS, hilo ni kweli, na ndicho chanzo cha hofu yote. Seli za neva zinapokufa, zilizosalia huchipusha nyuzi mpya na kuzichukua zile nyuzi za msuli zilizoachwa yatima, kisha nazo zikaanza kuugua na kufyatuka ovyo. Lakini kwa kawaida kinachompeleka mgonjwa wa ALS hospitali si kucheza huko. Ni kalamu inayomponyoka, ni funguo anayoshindwa kuizungusha kitasani kwa mkono ambao siku zote ndio alioutegemea, ni mguu unaoburuta kandambili, au ulimi unaoanza kuwa mzito kwenye maneno. Mara nyingi misuli yake inacheza begani na mgongoni bila yeye kuihisi, na anayeiona kwanza ni mkewe au mumewe. Ugonjwa haurudi nyuma: kilichoshindikana mwezi huu kitashindikana zaidi mwezi ujao, na kitaongezeka kingine. Tena ganzi na kuchomachoma si sehemu yake ya kawaida, kwa sababu neva za hisia kwa sehemu kubwa hubaki salama. Hivyo anayesema kidole kinacheza na kina ganzi, bila kukusudia, ameshatoa hoja dhidi ya ugonjwa anaouogopa.

Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 121 ambao misuli yao ilikuwa ikicheza bila udhaifu na bila kasoro nyingine katika uchunguzi. Walifuatiliwa kwa muda wa kati ya miaka miwili na 32, na hakuna hata mmoja aliyepata ALS. Wapo wagonjwa wachache ambao kwao kucheza kulitangulia udhaifu, na ndiyo sababu daktari makini anaweza kumwambia mtu arudi baada ya miezi mitatu au sita apimwe nguvu tena. Ila katika visa hivyo vichache udhaifu hujitokeza ndani ya miezi. Mtu ambaye kidole kimemchezea miaka miwili na bado anafunga vifungo, anamenya machungwa na kuhesabu noti kama kawaida ameshavuka mbali eneo la hatari.

Kujiangalia nyumbani kunawezekana, mradi kusigeuke ibada. Weka mikono yote miwili mezani, viganja vikiwa chini, kwenye mwanga mzuri, kisha itazame ile nyama iliyo kati ya gumba na shahada. Inapaswa kujaa sawa au karibu sawa pande zote mbili, mkono unaotumika zaidi ukiwa umenenepa kidogo. Shimo linaloonekana wazi upande mmoja, ambalo halikuwapo, ni sababu ya kwenda hospitali. Bana karatasi kati ya gumba na upande wa kidole cha shahada, mwombe mtu aivute, kisha ubadilishe mkono. Tembea hatua kadhaa kwa visigino, kisha kwa vidole vya miguu. Baada ya hapo acha. Wapo wanaorudia majaribio haya mara thelathini kwa siku mpaka msuli unachoka kweli, halafu uchovu huo wanauhesabu kuwa udhaifu.

Wasiojua hufarijika wakisikia kwamba madaktari wenyewe hawajanusurika. Mwaka 2013 wataalamu wa neva wa Australia waliandika kuhusu madaktari na wanafunzi wa udaktari waliofika kwao wakiamini wana ALS kwa sababu tu misuli yao ilicheza. Kujua mengi kuhusu ugonjwa mmoja kuliwazidishia hofu.

Kutetemeka kwa mapigo

Mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, kwa mapigo manne hadi sita kwa sekunde, gumba likijisugua kwenye shahada, na unaotulia mtu anaponyoosha mkono kuchukua kitu, humfanya daktari afikirie ugonjwa ulioelezwa na James Parkinson mwaka 1817. Huambatana na mwendo wa polepole, maandishi yanayozidi kuwa madogo, na mkono mmoja usioning'inia huru wakati wa kutembea. Waliomwona Muhammad Ali akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996 wanaijua sura yake. Mtetemo unaofanya kinyume, yaani unaotokea mtu anapobeba kikombe cha chai na ambao baba au shangazi naye anao, kwa kawaida ni wa kurithi na hauhusiani na Parkinson. Na mtetemo mwembamba wa haraka wa vidole vyote, kwa mtu anayekonda ilhali anakula, anayesikia joto wakati wengine wamejifunika na ambaye moyo unamwenda mbio, huelekeza kwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Daktari akimwekea karatasi juu ya vidole vilivyonyooshwa, kingo za karatasi hupepea; kipimo cha damu humaliza ubishi.

Kidole kinachoendeshwa na ubongo

Sehemu hii haizungumzwi sana, ingawa kwa msomaji wa Afrika Mashariki ina uzito kuliko ALS. Kifafa si lazima kimwangushe mtu chini. Kinaweza kuanzia sehemu ndogo ya ubongo inayotawala mkono, na kikaonekana kama gumba au kidole kinachoruka kwa mapigo ya kufuatana, ambacho hakitulii hata kikishikwa na mkono mwingine. Dakika moja baadaye mapigo yanaweza kupanda hadi kwenye kigasha, begani na pembe ya mdomo, mpangilio ulioelezwa na Mwingereza John Hughlings Jackson katika karne ya 19. Baada ya hapo mkono unaweza kubaki mzito kwa muda.

Miongoni mwa visababishi vya kifafa cha namna hiyo ni mabuu ya minyoo tegu ya nguruwe yanayojikita kwenye ubongo, tatizo lililothibitishwa katika maeneo yanayofuga nguruwe kwa wingi, kama Mbulu na Nyanda za Juu Kusini nchini Tanzania, na pia sehemu za Kenya na Uganda. Watu wengi huamini kwamba asiyekula nguruwe hawezi kuupata. Si kweli. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata mnyoo tumboni. Mabuu ya ubongoni hutokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, kupitia mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi. Muumini anayeshika dini yake sawasawa anaweza kuambukizwa na jirani au na mpishi wa hoteli. Kisababishi kingine ni sukari iliyopanda sana: mtu mzima mwenye kisukari, wakati mwingine asiyejua kwamba anacho, huweza kuanza na kidole au mkono unaoruka upande mmoja kwa saa nyingi, na mara nyingi hali hiyo hukoma sukari inaposhushwa, wakati dawa za kifafa peke yake hazikufua dafu.

Kiharusi, kwa upande wake, mara nyingi hunyang'anya kuliko kuongeza. Mdomo huenda upande, mkono hulegea, maneno hupotea, tena ghafla. Kidole kinachocheza kwa wiki mbili bila lolote kati ya hayo si kiharusi kinachobisha hodi, na presha ya juu haichezeshi vidole, ingawa kuipima hakuna hasara kwa yeyote.

Yupo mtu mmoja ambaye hapaswi kusubiri hata saa moja. Mkulima wa pamba au mboga aliyetoka kupulizia dawa ya wadudu, kisha misuli ikaanza kucheza mwili mzima huku akitokwa na mate, machozi na jasho, mboni za macho zikiwa zimesinyaa na pumzi ikibana, amepata sumu inayozuia mwili kusafisha kemikali ambayo neva hutumia kuiamrisha misuli. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, akimbizwe hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa aliyotumia, na anayemwosha naye avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Kwa daktari

Kwa waliobaki, kinachosaidia zaidi ni video. Kidole kina tabia ya kutulia mara tu mgonjwa anapoingia chumba cha daktari, na sekunde ishirini zilizorekodiwa kwenye simu zinamwonyesha daktari kama anaangalia msuli unaocheza, mtetemo au kifafa. Atamkagua mgonjwa akiwa amevua shati, maana misuli ya bega na mgongo ina habari nyingi. Atapima nguvu za kila kidole, atagonga viungo kwa nyundo ndogo, na huenda akaagiza damu ipimwe sukari, madini, figo na tezi ya shingo. Kipimo cha umeme wa misuli, kinachotumia sindano nyembamba na kinachopatikana katika hospitali chache kubwa, hufuata pale alipoona udhaifu, kunyauka au kasoro alipogonga kwa nyundo. Kwa asiye na dalili hizo, ukaguzi wa mikono ya daktari mzoefu kwa kawaida hutosha, na picha ya MRI ya kichwa iliyolipiwa kwa mkopo haitaongeza kitu. Pamoja na video hiyo iende orodha ya kila anachomeza, zikiwemo dawa za asili, vidonge vya duka la dawa alivyonunua mwenyewe na idadi ya makopo ya usiku.